Nimepangiwa ustawi wa jamii na masomo ya dunia mwaka wa kwanza, nataka kurudi Pemba, vitanifaa nini?

binti_wa_wete

Asalaam alaykum ndugu zangu. Naombeni mawazo hasa kwa waliosoma au wanaofanya kazi za ustawi. Mie natokea Pemba, nimemaliza fomu siksi HKL nikapata nafasi ya digrii ya ustawi wa jamii chuo kimoja hapa Unguja. Semista hii tuna kozi kadhaa lakini mbili ndo zinanishughulisha, moja Utangulizi wa Ustawi wa Jamii, nyengine ni ya masomo ya dunia, yaani utandawazi, mashirika ya kimataifa, biashara, uhamiaji, tabianchi na mambo hayo.

Sasa ile ya ustawi tumeanza na sheria ya mafukara ya Uingereza ya 1601, tukaja kwa Bismarck wa Ujerumani, tukaja ripoti ya Muingereza Beveridge ya 1942, mie nasoma nakariri lakini nikifunga daftari najiuliza haya yanamsaidia nini mtu wa Micheweni. Ile ya dunia ndo kabisa, wiki iliyopita tumesomeshwa mkutano wa Bretton Woods, ule uliozaa Benki ya Dunia na IMF, na nchi za kiini na nchi za pembezoni, wenzangu wanasema hii soma ya kufaulia tu basi usije ukashika sapu, yaani kurudia mtihani. Na ami yangu kanambia nihame niende uhasibu mapema, anasema ustawi ni kazi ya kugawa unga na mablangeti wakati wa mafuriko na mambo ya kimataifa ni ya watoto wa wakubwa.

Mie moyo wangu uko kwa wazee na watoto, hilo silifichi. Lakini sitaki nimalize miaka mitatu nirudi Wete sijui hata nianzie wapi. Wenye kujua niambieni, hizi kozi mbili zina kazi kweli kwa mtu anaetaka kukaa ofisi ya wilaya Pemba? Na jengine, tuna asainmenti ya kuelezea historia ya ustawi wa jamii, mie nataka niandike ya Zanzibar lakini wenzangu wa grupu wanaogopa, wanasema lekchara anataka Ulaya na Marekani. Niwasikilize?

mkaa_darajani

Waalaykum salaam. Dada mie ntakwambia ukweli kama kaka yako. Ami yako hajakosea yote. Ajira za ustawi serikalini hazitoki kila mwaka na zikitoka mnagombania wengi, mwenye uhasibu anaweza kuingia hoteli, benki, ushirika, hata duka la mtu. Mie ndugu yangu kasoma kozi za jamii kakaa nyumbani muda mrefu kabla ya kupata shirika. Sisemi uhame, nasema uwe na kitu cha pili mkononi, kompyuta au takwimu, halafu endelea na unalolipenda. Na kama unahama kweli basi ulizia kwanza bodi ya mikopo kama unasomea mkopo, usihame kwanza ukauliza baadae.

afisa_shehiani

Binti yangu, waalaykum salaam. Mie nimo kwenye kazi hii kwa miaka mingi, nimeanzia Unguja sasa niko Pemba, na nimelisoma swali lako mara mbili kwa sababu linanigusa. Nakuomba ukae usome taratibu kwa sababu ntaandika sana.

Kwanza hiyo 1601. Unaiona ya mbali lakini hebu itazame vizuri. Sheria ile ilisema kila parokia ibebe mafukara wake, wenye mali wakatozwa kodi ya mafukara, akawekwa msimamizi wa kujua nani anastahiki na nani hastahiki. Mzee na mgonjwa asaidiwe, mwenye nguvu afanyishwe kazi. Sasa njoo shehiani kwetu siku ya kuorodhesha kaya masikini za TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya masikini. Kuna eneo dogo la utawala, kuna sheha, kuna kamati, kuna mkutano wa wananchi wanataja fulani anastahiki fulani ana mtoto Oman hastahiki. Lile lile suali la 1601 umekaa nalo chini ya muembe. Nani anastahiki, nani anaamua, na yule aliyeachwa nje anakwenda kulalamika wapi? Mtu ambae hakuisoma ile historia anadhani ugomvi wa orodha ni fitna ya watu wa shehia ile tu. Aliyeisoma anajua kuwa msaada wowote wa kuchagua watu unazaa ugomvi huu, popote pale, basi anajitayarisha, anaweka njia ya malalamiko mapema, haendi kugombana na wananchi.

Halafu Bismarck. Ile pencheni yake ya uzee ya 1889 ilianzia umri wa miaka 70. Na Pencheni Jamii yetu ya Zanzibar iliyoanza Aprili 2016 umri wake ni miaka 70 pia. Ila kuna tofauti na hapo ndo pa kusoma. Ya Bismarck ilikuwa ya kuchangia, mfanyakazi anatoa, tajiri yake anatoa, na serikali inatia mkono. Yetu haina mchango, mvuvi aliyeishi maisha yake yote baharini hana ofisi hana karatasi ya mshahara anapata sawa na karani mstaafu. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, baadae ikapandishwa ikawa 50,000. Kenya wao ile Inua Jamii ya wazee wa 70 wameianza 2018, sisi tulitangulia. Sasa mfanyakazi aliyechangia ZSSF, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii, ana njia yake, mzee wa Pencheni Jamii ana njia yake, kaya ya TASAF ina njia yake. Moja ya mchango, moja ya wote, moja ya kuchagua. Hizo ndo aina tatu ambazo lekchara wako anakuandikia ubaoni kwa Kiingereza, na zote tatu zimo ndani ya mtaa mmoja hapo Wete.

Sasa kazi yetu ya kila siku ni ipi. Si unga na mablangeti. Mafuriko yakija tunatoka, ndio, lakini siku nyingi ni kesi za matunzo, mama ana watoto wanne baba kaenda Tanga hatumi kitu. Ni mtoto kafanyiwa udhalilishaji, unampeleka kituo cha Mkono kwa Mkono hospitali apimwe na polisi waandike pale pale asizungushwe, unakaa na familia usiku wanataka kuyamaliza nyumbani kwa sababu mtuhumiwa ni jamaa yao, na wewe unatakiwa usimame na mtoto. Hapo usipokuwa na elimu utasimama na ukoo. Wallahi nimeona watu wazuri wenye huruma nyingi wakamuumiza mtoto kwa huruma isiyo na elimu. Ni mzee aliyefika umri wa pencheni lakini hana cheti cha kuzaliwa, na kitambulisho chake kimeandikwa umri mdogo, unakaa nae unamuuliza ulikuwa mkubwa kiasi gani siku ya Mapinduzi, ulikuwa umeshaolewa au bado.

Ama asainmenti, andika ya Zanzibar. Usiogope. Lakini usiandike kwa kuifukuza Ulaya, iweke karibu uilinganishe. Mwambie mwalimu wako kuwa kabla ya ofisi yoyote ya ustawi hapa kulikuwa na wakfu, mtu ana nyumba Mji Mkongwe au shamba la karafuu analitoa wakfu, mapato yake yawaendee mafukara au msikiti au jamaa zake. Waingereza wenyewe walipokuja waliona nguvu ya jambo hili wakaunda kamisheni ya wakfu mwaka 1905. Na leo ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Hiyo ni historia ya ustawi sawasawa, ina sheria, ina mali, ina wasimamizi, na ina migogoro yake. Mwanafunzi wa Pemba akiiacha hii nani mwengine ataiandika?

mwaka_wa_tatu_tunguu

Dada mie niko mbele yako kidogo, nasoma hii hii kozi. Afisa kasema yote, mie nakupa ya darasani.

Usikariri tarehe peke yake. Maswali ya mtihani mara nyingi yanataka utoe nadharia uichambue, kwa hivyo daftari lako ligawe, upande mmoja yale ya lekchara, upande wa pili unatafuta kitu cha hapa kinachofanana nacho au kinachopingana nacho. Mfano Beveridge alitaja majitu matano, ufukara, maradhi, ujinga, makaazi machafu na kukosa kazi. Na sisi tangu skuli tunaimba maadui watatu wa Nyerere, ujinga maradhi na umasikini. Ukiyaweka pamoja hayo huyasahau tena, na ukiulizwa kwa nini Beveridge kaongeza makaazi na kazi unajibu kwa sababu London ilikuwa imepigwa mabomu na watu walikuwa na kumbukumbu ya kukosa kazi miaka ya 1930, hapo lekchara anaona umefikiri.

Na Kiingereza kinatusumbua wengi tuliotoka Pemba na shamba, usijione peke yako. Sie tulikuwa tunakaa baada ya isha tunajadili mada yote kwa Kiswahili kwanza mpaka kila mtu kaelewa, halafu ndo tunaandika kwa Kiingereza. Waliokuwa wanaanza na Kiingereza moja kwa moja walikuwa wanakopi sentensi za kwenye hendauti na swali likigeuzwa kidogo tu wanapotea.

Fildi, yaani mafunzo ya vitendo, ndo raha yake. Kuna wanaopelekwa nyumba ya watoto Mazizini, kuna wa ofisi za wilaya, kuna wa nyumba za wazee Sebleni na Welezo. Wewe omba ile ya Limbani hapo kwenu Wete, wazee wapo na utakaa nyumbani hulipi kodi. Kule utaona mwenyewe kuwa mzee hana shida ya chakula peke yake, ana shida ya mtu wa kumsikiliza, na wengine wana watoto walio hai ambao hawaji. Hiyo nayo ina somo lake, mana sisi tunasema kwetu wazee wanatunzwa na familia, sasa hawa wamefikaje hapo? Usimuhukumu mtu, uliza tu na usikilize.

kutoka_ohio

Salaam kwenu nyote. Mie ni mtu wa Chake, nipo Marekani jimbo la Ohio, nafanya kazi usiku na mchana nasoma chuo cha jamii, hivi vya miaka miwili ambavyo ukimaliza unahamishia masomo chuo kikuu. Nimekuta huu uzi nikasema lazima niandike mana kozi hizo hizo mbili nilizisoma, utangulizi wa ustawi na utangulizi wa masomo ya dunia.

Hapa kozi ya ustawi inaanza na 1601 hiyo hiyo, halafu wanakuja kwao, Jane Addams na wenzake walioanzisha Hull House Chicago 1889, wanawake waliosoma wakahamia kuishi mtaa wa wahamiaji masikini badala ya kuwapelekea sadaka na kuondoka. Yule mama alikuja kupewa Nobel ya amani 1931. Halafu Rais Roosevelt na sheria ya hifadhi ya jamii ya 1935. Na hapa sikiliza vizuri dada, sheria ile ilipoanza iliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani, na wakati ule watu weusi wengi hasa wa kusini ndo walikuwa kwenye kazi hizo. Kwenye karatasi sheria haikutaja rangi ya mtu. Darasani kwetu siku hiyo kulizuka mjadala mkubwa. Mie nikanyoosha mkono nikawaambia kwetu Zanzibar pencheni ya wazee haiulizi ulifanya kazi gani, ukifika 70 unapata. Walinyamaza, mwalimu akanambia njoo wiki ijayo utusomeshe hilo. Wamarekani wengi mle darasani walikuwa wanadhani Afrika ni ya kupokea msaada tu.

Na 1996 wakabadilisha tena, msaada wa pesa taslimu kwa familia masikini ukawekewa kikomo, pesa ya serikali kuu isizidi miezi 60 maisha yote ya mtu mzima. Hapa watu bado wanagombania kama lilikuwa jambo jema au baya. Mie nimewaona kina mama wenye kazi mbili na bado wamepanga foleni ya chakula, basi rai yangu unaijua.

Kwa hivyo usidhani ukisoma ya Ulaya na Marekani unajifunza namna sahihi ya kufanya. Unasoma namna wenzetu walivyohangaika na wakakosea na wakarekebisha, ili wewe ukija kukaa meza moja na mtu wa shirika la nje anakuletea mradi wake aliouchukua kwao ujue wa kumuuliza nini.

mwalimu_mstaafu_mkoani

Wanangu, nimefurahi kuona vijana wanaongea mambo ya maana. Mimi nilisomesha jografia na historia skuli za Pemba mpaka nikastaafu, kwa hivyo ntasema kuhusu ile kozi ya pili ambayo naona mnaipitia juu juu, mnaacha nyama ya maneno.

Binti unauliza nchi za kiini na za pembezoni zina nini na wewe. Wewe umezaliwa ndani ya mfano wake. Karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka Pemba, na mnunuzi mkubwa alikuwa Indonesia, wanazitia kwenye sigara zao za kretek. Wao wakapanda mikarafuu yao mpaka wakajitosheleza, na miaka ya 1980 bei ikaporomoka. Serikali ilikuwa inaitegemea karafuu kwa fedha za kigeni, na fedha hizo ndizo zilizokuwa zikileta dawa hospitali na vitabu skuli. Mimi nilikuwa darasani wakati huo, watoto wanakuja bila ya madaftari. Uamuzi umefanywa Jakarta, daftari limekosekana Kengeja. Mzee wa mikarafuu hakufanya kosa lolote, mti wake ulizaa kama kawaida. Sasa yule bwana Wallerstein aliyeandika mambo ya kiini na pembezoni 1974 ndicho alichokuwa akikisema, kuwa anayeuza zao moja ghafi hapangi bei na hapangi kesho yake. Na Walter Rodney, mtu wa Guyana, alikuwa akiyasomesha mambo ya namna hii hii hapo Dar es Salaam. Msiseme ni elimu ya watoto wa wakubwa, ni elimu ya mtoto wa mchumaji karafuu kabla ya mtu mwengine yeyote.

Na mwani pia. Kilimo chake cha biashara kimeanza Unguja upande wa Paje na Jambiani mwaka 1989, kikaja huku, wanaolima wengi ni kina mama. Unakaushwa unapelekwa nje, unatolewa utomvu wa kutia kwenye dawa ya meno na aiskrimu. Maji ya bahari yakipata joto ile aina yenye bei nzuri, kotonii, inaoza na kufa, inabaki spinosamu ambayo bei yake ni ndogo. Basi hapo mna tabianchi, mna biashara ya dunia, mna jinsia, na mna ustawi wa jamii, vyote kwenye kamba moja ya mwani. Mama huyu kipato kikikatika ndiye afisa anamuona kesho yake na kesi ya matunzo. Sasa mtu wa ustawi asiyejua kilichotokea baharini atamshauri nini? Atamwambia avumilie.

Kitu chengine ambacho vijana wengi wa sasa hawakijui. Zile nyumba za Kikwajuni zilijengwa na Wajerumani wa Mashariki. Zanzibar ya 1964 iliitambua Ujerumani ya Mashariki mapema kabisa wakati nchi nyingi zilikuwa zinaogopa, na misaada ya majengo ikafuata. Mwaka ule ule elimu ikatangazwa bure, 1965 yakafuata matibabu, na watu wakapewa eka tatu tatu. Mnaweza kuwa na maoni tofauti kuhusu siasa za wakati ule, na watu wa Pemba wana kumbukumbu nzito za miaka hiyo ambazo sitaki mtu azidharau, lakini kwa mwanafunzi wa ustawi hilo ni jambo la kusomwa: fulati ya familia masikini Unguja imejengwa kwa sababu ya vita baridi ya mataifa makubwa.

Kusoma ustawi bila ya dunia ni kutega dema bila ya kujua bamvua.

mkaa_darajani

Mwalimu shikamoo. Hili la karafuu na daftari sikuwahi kulisikia likielezwa hivi. Bado nasema kuhusu ajira lakini nakubali kozi si ya kupita tu. Suali langu kwa afisa, huko kazini hayo ya kimataifa mnayatumia kweli au yanaishia mtihani? Nauliza kwa nia njema.

afisa_shehiani

Tunayatumia kaka. Ntakupa moja tu. Sheria yetu ya Mtoto ya Zanzibar ni namba 6 ya 2011. Nyuma yake kuna Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989. Sasa sisi Waislamu hatuna ile namna ya kumchukua mtoto wa mtu ukambadilisha nasaba akawa wako, tuna kafala, unamlea na anabaki na jina la baba yake. Watu wengi wanadhani mkataba wa kimataifa unatulazimisha ya wazungu. Fungua kifungu cha 20 cha mkataba ule, kafala imetajwa mle kwa jina lake. Kuna watu kutoka nchi zetu walikaa kwenye vile vikao wakalipigania likaandikwa. Mimi nimekaa na wazee wa familia wakikataa kabisa mambo ya karatasi za ustawi kwa mtoto yatima, nikawaonyesha hilo, tukazungumza vizuri, mtoto akapata malezi na karatasi zake zikawa sawa, na mali ya marehemu baba yake ikaandikwa isipotee. Bila ya ile kozi ya dunia ningekosa cha kuwaambia.

Na hata maana yenyewe ya kazi yetu iliyopitishwa na shirikisho letu la kimataifa mwaka 2014 kule Melbourne inataja elimu ya wenyeji kuwa ni sehemu ya msingi wa taaluma, pamoja na haki za binaadamu na wajibu wa pamoja. Binti, hiyo iweke kwenye ukurasa wa kwanza wa asainmenti yako, wenzako wa grupu hofu itawatoka. Hamvunji mpango wa kozi mkiandika ya wakfu, mnafanya kile taaluma yenyewe imekiagiza.

binti_wa_wete

Jamani sijui niseme nini, Mungu akulipeni. Nimeisoma yote nikamsomea na mwenzangu wa chumbani. Ami nimempelekea maneno ya mwalimu ya karafuu, kwa sababu babu yetu alikuwa na mikarafuu, amesema tutazungumza nikija likizo. Sihami.

Grupu wamekubali tuandike wakfu na Pencheni Jamii tukilinganisha na 1601 na Bismarck. Sasa tatizo letu ni vyanzo, mtandaoni tunapata vipande vipande na lekchara hataki mambo ya kusikia sikia. Tunaenda wapi? Na je tukiwahoji wazee inakubalika?

mwalimu_mstaafu_mkoani

Nendeni Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Kuna majalada ya tangu wakati wa masultani na Waingereza, mengine ya Kiarabu, kwa hivyo mchukueni mwenzenu mmoja aliyesoma madrasa vizuri na anaejua hati za zamani. Chukueni barua ya chuo na vitambulisho, na muwaambie wahudumu mnataka nini hasa, wakfu wa miaka gani, msiseme tu tunataka historia ya ustawi mana watakuuliza ipi.

afisa_shehiani

Kuwahoji wazee kunakubalika na ni jambo jema, lakini kwa utaratibu. Kwanza mwambieni lekchara awape barua. Mkifika shehiani anzieni kwa sheha. Mzee mwenyewe mwambieni nyinyi ni wanafunzi, hamkuja kuandikisha pencheni wala msaada wowote, semeni hivyo mwanzo kabisa na mrejee tena kabla ya kuondoka, kwa sababu akidhani mumekuja kumuandikisha atakujibuni anavyofikiri mnataka kusikia, na mkiondoka atakaa anasubiri pesa zisizokuja. Majina yao msiyaandike kwenye kazi yenu. Na msiende saa za adhuhuri wala siku ya malipo, siku ya malipo wazee wanaamka alfajiri na wanarudi wamechoka.

Ukifika Wete likizo njoo ofisini, nitakuonyesha fomu tunazotumia zikiwa tupu, hizo unaweza kuziambatanisha nyuma ya kazi yenu.

mwaka_wa_tatu_tunguu

Na mie nina asainmenti yangu ya mwaka wa kwanza ya mada hii, si ya kukopi, ya kuona mpangilio tu. Nitumie ujumbe wa ndani nikupe, ila wakfu sie hatukuuandika kabisa kwa hivyo hapo mtakuwa peke yenu.